Kutafuta Kazi ya Mzee Aliyejenga Magudi

Mtu akifa huacha vitu viwili: maneno yasemwayo juu yake, na kazi ya mikono yake. Maneno hukua kadiri yapitavyo vinywani. Kazi hubaki pale ilipowekwa. Katika Uingereza ziko jamaa nyingi ambamo husimuliwa kwamba babu wa babu yao alikuwa injinia aliyejenga gudi katika mto fulani, zamani za Malkia Victoria, aliyetawala tangu mwaka 1837 hata 1901. Leo twapenda kueleza jinsi habari kama hiyo ichunguzwavyo, nasi tutatwaa kwa mfano Jesse Hartley, injinia wa magudi ya Liverpool.

Kwanza yafaa tujue gudi ni kitu gani. Mji wa Liverpool u kando ya mto Mersey, karibu na mahali mto uingiapo baharini, na maji ya bahari hupanda na kushuka ndani yake. Watu wa pwani yetu wamezoea kuona mashua ikikaa juu ya tope maji yakipwa. Lakini katika Mersey, siku za bamvua kubwa, tofauti ya maji kujaa na kupwa hufika kiasi cha futi 30. Merikebu kubwa yenye shehena ikikalishwa chini namna hiyo huweza kuvunjika. Kwa hiyo watu walichimba kama ziwa kando ya mto, wakalizungushia kuta za mawe, wakatia milango. Maji yakijaa, milango hufunguliwa na merikebu huingia. Kabla hayajapwa milango hufungwa. Nje mto hushuka, lakini ndani merikebu huelea ikapakuliwa kwa salama. Gudi la kwanza la namna hii katika Liverpool lilifunguliwa mwaka 1715, na injinia wake alikuwa Thomas Steers.

Hartley alizaliwa mwaka 1780 katika Pontefract, jimbo la Yorkshire. Baba yake, Bernard, alikuwa mwashi na msimamizi wa madaraja. Mwaka 1824 Jesse akawekwa kusimamia magudi ya Liverpool, akashika kazi hiyo miaka 36, hata alipokufa mwaka 1860. Kazi yake ijulikanayo sana ni Gudi la Albert, lililofunguliwa mwaka 1846 na Albert mwenyewe, mume wa Malkia. Siku zile maghala yalijengwa kwa mbao nyingi, na moto ulikuwa adui mkubwa wa wafanya biashara. Hartley alijenga kibanda cha kujaribia, akakitia moto, apate kuona ni ujenzi gani utakaostahimili. Kisha akajenga maghala yake kwa matofali, mawe na chuma, bila boriti za mti.

Basi mtu wa leo akitaka kuthibitisha habari za mzee kama huyu, aanze wapi? Huanza na karatasi, akitoka kwa aliye karibu na kurudi nyuma kwa aliye mbali. Tangu mwezi wa Julai mwaka 1837 serikali ya Uingereza iliandika katika madaftari waliozaliwa, waliooa na waliokufa. Tangu mwaka 1841 hesabu ya watu, ifanywayo kila miaka 10, iliandika majina na kazi za watu, na madaftari yake hufunguliwa baada ya miaka 100. Hapo ndipo hadithi ya ukoo hupimwa. Yule aliyesifiwa kuwa injinia huenda akaonekana alikuwa mwashi, au mtunza mtambo wa moshi. Kwa kuwa katika Kiingereza neno moja hutumika kwa mwenye kuchora gudi na kwa mwenye kuangalia mtambo.

Ikiwa alikuwa injinia kweli, huenda alikuwa mwanachama wa chama cha mainjinia kilichoanzishwa London mwaka 1818, ambacho kilipiga chapa habari za maisha ya wanachama wake waliokufa. Baada ya hapo hutazamwa hati za bandari yenyewe: ramani, barua na daftari za malipo. Lakini jina peke yake halitoshi. Lazima lifungwe na mwaka. Jesse Hartley alikuwa na mwana, John Bernard, aliyemsaidia kazi na kushika mahali pake mwaka 1860. Asiyetazama mwaka atampa baba kazi ya mwana.

Baada ya karatasi huja mawe. Hartley alipenda matale, jiwe gumu lililoletwa kwa chombo kutoka Uskoti. Alipanga mawe makubwa yasiyolingana, na madogo yakajaza nafasi katikati, hata ukuta ukawa kama jiwe moja. Ajuaye mkono wake huutambua ukutani bila ya kusoma jina.

Hata hivyo ukweli haupatikani wote katika jina la injinia. Waliochimba tope na kuchonga mawe walikuwa watu wengi, na wengi wao hawatajwi popote ila katika malipo. Tena, katika maghala yale iliwekwa pamba ya Marekani, iliyolimwa na watumwa mpaka utumwa ulipokomeshwa huko mwaka 1865. Mchunguzi mwaminifu huyaandika haya pia, wala hayamwondolei Hartley ustadi wake.

Na mawe nayo hayadumu milele. Gudi la Albert lilipigwa mabomu mwaka 1941, likafungwa mwaka 1972, likatengenezwa na kufunguliwa tena mwaka 1988 kwa makumbusho na maduka. Gudi la Bramley-Moore, moja katika magudi matano ya Hartley yaliyofunguliwa mwaka 1848, lilijazwa mchanga, na juu yake ukajengwa uwanja wa mpira uliofunguliwa mwaka 2025. Mahali kama hapo karatasi humtunza mzee kuliko jiwe.

Nasi vijijini tuna visima, mifereji na madaraja yaliyofanywa na wazee wetu. Kila kazi ilikuwa na wachimbaji wake na mwaka wake. Tuwaulize wanaokumbuka tungali nao, tuandike jina pamoja na mwaka na kazi aliyoifanya kila mtu. Kwani daftari moja lililoandikwa kwa kweli litawafaa wajukuu kuliko sifa nyingi zisizo na shahidi.