Kutoka Jicho la Mchunguzi hadi Mwangwi wa Sikio: Historia ya Uchunguzi wa Usikivu kwa Watoto Wachanga

Ikisiri

Makala hii inafuatilia mabadiliko ya mbinu za kuchunguza usikivu wa watoto wachanga kuanzia mwaka 1944 hadi mwanzoni mwa karne ya 21. Inabainisha kuwa kila mbinu ilizaliwa na udhaifu wa ile iliyoitangulia, na kwamba vifaa vilipokomaa, udhaifu ulihamia katika ufuatiliaji.

1.0 Utangulizi

Uziwi wa kuzaliwa hauonekani kwa macho. Katika miezi ya mwanzo mtoto asiyesikia hulia, hutabasamu na kutoa sauti za kitoto kama wenzake, hivyo wazazi wengi hushtuka pale tu anapochelewa kusema. Kufikia hapo, sehemu kubwa ya kipindi muhimu cha kujifunza lugha, iwe ya mdomo au ya ishara, imekwisha kupita. Mbinu zinazojadiliwa hapa zilibuniwa ili kuuokoa muda huo.

2.0 Kutegemea Macho na Orodha

Mwaka 1944, Irene na Alexander Ewing wa Manchester, Uingereza, walieleza namna ya kubaini uziwi utotoni. Katika jaribio lililotokana na kazi yao, mtu mmoja huvuta makini ya mtoto kwa mbele, na mwingine hutoa sauti pembeni, nje ya upeo wa macho yake. Mtoto anayesikia hugeuka. Jaribio hilo lilitumika Uingereza kwa miongo kadhaa, lakini halikuwafaa wachanga, kwa kuwa lilimsubiri mtoto aweze kugeuza kichwa, yaani hadi afikishe miezi 6 au zaidi.

Nchini Marekani, Marion Downs alijaribu kuuondoa ucheleweshaji huo. Katika miaka ya 1960, yeye na wenzake huko Colorado waliwachunguza wachanga wapatao 17,000 kwa kuwasikilizisha sauti kali na kuangalia kama wangepepesa macho, kushtuka au kuamka. Ilidhihirika kwamba matokeo yalitegemea mno hali ya mtoto na hukumu ya mtazamaji. Kamati ya pamoja ya wataalamu, iliyoundwa mwaka 1969 kwa msukumo wa Downs mwenyewe, haikuidhinisha mbinu hiyo kwa watoto wote. Badala yake, mwanzoni mwa miaka ya 1970 ilipendekeza orodha ya vihatarishi, vikiwemo uziwi katika ukoo, maambukizi ya rubela tumboni, uzito wa chini ya gramu 1,500 na homa kali ya manjano ya wachanga. Orodha hiyo ilikuwa na gharama nafuu, ila takribani nusu ya watoto wanaozaliwa na upungufu mkubwa wa usikivu hawana kihatarishi chochote.

3.0 Mwili Kujieleza

Mbinu mbili zilimwondolea mtazamaji mzigo wa kuhukumu. Ya kwanza hupima kwa elektrodi mawimbi ya umeme ya shina la ubongo, yaliyoelezwa na Jewett na Williston mwaka 1971. Mwaka 1974 Hecox na Galambos walionyesha kuwa yanaweza kupimwa kwa watoto wachanga. Ya pili ilitokana na ugunduzi wa David Kemp, London, mwaka 1978, kwamba sikio la ndani lililo zima hurudisha mwangwi hafifu unaonaswa kwa kipaza sauti kidogo. Kipimo cha mwangwi ni chepesi, lakini huvurugwa na uchafu au majimaji sikioni katika siku za mwanzo, na hakigundui kasoro iliyo kwenye neva. Ndiyo maana mwaka 1993 jopo la Taasisi za Taifa za Afya za Marekani lilipendekeza watoto wote wapimwe mwangwi kwanza, kisha mawimbi kwa wale wasiofaulu.

4.0 Baada ya Kipimo

Mwaka 1998, Christine Yoshinaga-Itano na wenzake waliwalinganisha watoto 150 wa Colorado. Wale 72 waliogunduliwa kabla ya miezi 6 walikuwa na lugha bora kuliko 78 waliochelewa, bila kujali kama walitumia ishara au mdomo. Mwaka 2000 kamati ikaweka ratiba: uchunguzi kabla ya mwezi 1, uthibitisho kabla ya miezi 3, huduma kabla ya miezi 6. Hata hivyo, takwimu za Marekani za mwaka 2005 zilionyesha kuwa zaidi ya nusu ya wachanga ambao hawakufaulu hawakuwa na kumbukumbu ya uthibitisho.

Barani Afrika, watafiti wa Lagos, Nigeria, akiwemo Bolajoko Olusanya, walianza na swali la mahali. Kwa kuwa wanawake wengi hujifungulia nje ya hospitali, walipeleka vipimo kwenye kliniki za chanjo ya BCG, ambako akina mama huja na watoto wao.

5.0 Hitimisho

Mfano wa Lagos una maana kwa Afrika Mashariki, ambako chanjo hiyo hiyo hutolewa kwa wachanga. Kliniki humkutanisha mtoto na kipimo, lakini haimhakikishii hatua inayofuata. Kwa hiyo, kabla ya kununua vifaa, mpango wa taifa unapaswa kutaja nani atamrejesha mtoto asiyefaulu, nani atathibitisha, na nani ataifundisha familia lugha ya kuzungumza naye. Pasipo majibu hayo, kipimo humwachia mama wasiwasi, na mtoto hapati lugha.