Acheni Kusema "Alijitakia"

Kwenye matanga ya anko wangu nilisikia neno moja mara nyingi kuliko pole: "Alijitakia." Macho yake yalikuwa yamegeuka manjano, tumbo limefura, miguu imevimba. Ini. Sote tulijua ni pombe. Lakini beshte yake wa miaka yote, waliyekunywa naye chang'aa ile ile kwa benchi lile lile, ndiye alikuwa mbele amebeba jeneza. Mzima kabisa.

Sasa, huyo naye mbona hakujitakia?

Nilienda kuchimba. Mwaka wa 1819, daktari Mfaransa René Laennec, yule aliyevumbua kile chombo cha kusikiliza kifua, aliupa ugonjwa wa ini lililojaa makovu jina la sirosisi, kutoka neno la Kigiriki la rangi ya manjano iliyofifia. Baadaye stori ikazoeleka hivi: unakunywa, unaugua, kwisha. Pombe kweli inaharibu ini, hilo sipingi. Lakini kati ya watu 100 wanaokunywa sana kwa miaka mingi, ni kama 10 hadi 20 tu wanaofika kwa sirosisi. Hao wengine je?

Jibu moja lilianzia Dallas, Marekani, mwaka wa 2008. Kikosi cha Helen Hobbs na Jonathan Cohen kilikuwa kinatafuta kwa nini watu wengine wana mafuta mengi kwa ini. Wakapata badiliko dogo sana kwenye jeni inayoitwa PNPLA3. Miaka miwili baadaye, utafiti uliofanyiwa watu wa Mexico ukaonyesha badiliko hilo hilo linaongeza hatari ya ini kuharibiwa na pombe. Yaani glasi ni moja, lakini maini si sawa.

Halafu 2018 ikaleta maajabu. Watafiti waligundua kuna watu wamezaliwa na jeni HSD17B13 ikiwa mbovu, na huo ubovu unawakinga. Wanapata sirosisi ya pombe kwa uchache kuliko wengine. Kumbe kuna kitu kikiharibika mwilini kinakuokoa!

Basi swali likawa: tunaweza kuinyamazisha kwa wale ambao kwao inafanya kazi? Njia ilikuwepo. Mwaka wa 1998, Andrew Fire na Craig Mello, wakitumia minyoo wadogo, walionyesha vile kipande cha RNA kinaweza kuzima ujumbe wa jeni kabla haujawa protini. Mwaka wa 2006 wakapewa tuzo ya Nobel. Dawa ya kwanza ya aina hiyo iliidhinishwa Marekani 2018, ya ugonjwa mwingine, lakini kazi yake inafanyika kwa ini. Na ini ni rahisi kufikiwa: seli zake hudaka sukari fulani, kwa hivyo wanasayansi huifunga dawa kwa hiyo sukari, unadungwa sindano chini ya ngozi, na inajipeleka yenyewe. Haibadilishi DNA yako. Inanyamazisha tu kwa muda, kisha unadungwa tena.

Sindano za kuzima HSD17B13 zimeshaanza kujaribiwa kwa watu, wakiwemo walioharibiwa ini na pombe. Hadi naandika haya, hakuna iliyoidhinishwa kwa ugonjwa huu. Na hata ikija, haitakuwa ruhusa ya kupiga mtindi. Kuacha pombe bado ndiyo tiba ya kwanza.

Jeni za anko na beshte yake sizijui, hakuna aliyewapima. Ninachojua ni kwamba anko alianza kufura miezi mingi kabla hajaenda hospitali. Alikuwa anaona aibu. Alijua kile watamwambia, kwa sababu sisi tulikuwa tunamwambia tayari, hapo nyumbani, kila siku.

Kama uko na mtu kama huyo kwenu, wacha mahubiri. Mshike mkono, mwende apimwe ini mapema.