Jina Kwenye Kona ya Ubao

Nilipomwonyesha baba mdogo ndege wake akitembea, hakusema kitu. Aliishika simu yangu kwa mikono miwili, mbali kidogo na uso, kama anavyosoma namba za LUKU, akaangalia mpaka mwisho. Sekunde 12. Akarudia. Baada ya mara ya tatu akauliza, "Jina langu liko wapi?"

Nilikuwa nimelifuta.

Baba mdogo ni mchoraji wa Tingatinga. Ana kibanda chake Mbagala, na mimi rangi ya kwanza kushika maishani niliishikia hapo, nikinakili twiga wake. Sasa nasoma shahada ya uzamili katika historia, na usiku nachora: kwa penseli, kwa rangi, na miaka hii ya karibuni kwa kompyuta. Tasnifu yangu inahusu uchoraji wa Dar es Salaam baada ya uhuru, na nilitaka iambatane na animesheni fupi. Nikaichukua picha yake ya kanga (ndege, siyo nguo), nikaipiga skani, nikamkata yule ndege vipande kwenye Krita: shingo, mabawa, mkia, miguu, kila kipande kwenye tabaka lake. Picha ilipoanza kusogea, maandishi ya kona ya chini yalikuwa yanasogea nayo na kunikera macho. Nikayafuta kama mtu anavyopangusa vumbi.

Aibu yangu ni kwamba sura nzima ya tasnifu ile inazungumzia majina.

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 upande wa Tunduru. Alipitia mashamba ya mkonge ya Tanga kabla ya kuja Dar es Salaam, ambako alifanya kazi za nyumbani kwa Wazungu na vibarua vingine vya mjini. Alianza kuchora mwaka 1968. Kuhusu alikotoa mtindo wake watu wanabishana mpaka leo: wapo wanaosema aliona picha za Wakongo zikiuzwa mjini akasema hata mimi naweza, wapo wanaosema asili ni michoro ya kuta za nyumba za kusini. Tuliwahi kumaliza semina nzima kwa ubishi huo. Mimi huvutiwa zaidi na vifaa. Alichorea hadibodi, ubao wa dari, uliokatwa mraba wa kama sentimita 60, na rangi yake ilikuwa ile ya mafuta inayong'aa, ya kupaka baiskeli. Vyote vilipatikana dukani kwa mtu asiye na pesa. Na rangi hiyo ina tabia zake. Haipendi kuchanganywa na jirani yake ikiwa mbichi, na haikauki haraka. Kwa hiyo unapaka ubao wote rangi moja, unasubiri, kisha unaweka mnyama juu yake, unasubiri tena, kisha madoa. Mengi tunayoyaita mtindo, kwa maoni yangu, ni adabu ya kusubiri rangi ikauke.

Picha ziliuzwa nje ya Morogoro Stores, Oyster Bay, mahali walipopita wageni wenye pesa. Soko lilipochangamka, ndugu na jamaa wa nyumbani walimfuata wakajifunza kwake, na walijifunza kwa kunakili. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi wakidhani ni mhalifu. Alikuwa amechora kwa takriban miaka minne tu. Wanafunzi wakaendelea, mwaka 1990 wakasajili ushirika, na jina la mtu likawa jina la mtindo. Wapo pia walioandika jina lake kwenye picha ambazo hakuzigusa, kwa kuwa jina la marehemu lilikuwa na bei kuliko lao.

Halafu mwaka 2010 jina hilo likahamia kwenye kompyuta. Tinga Tinga Tales, mfululizo wa katuni wenye vipindi 52, ulianza kuonyeshwa kwenye televisheni ya watoto ya BBC. Animesheni yake ilitengenezwa Nairobi, na vijana wa Kenya walichezesha tembo, nyani na kobe waliovaa madoa na rangi za kibanda cha Oyster Bay. Mimi wakati huo nilikuwa shule ya msingi na sikuwahi kuiona. Niliikuta YouTube miaka mingi baadaye. Nilimwonyesha baba mdogo. Alicheka sana. "Huyu tembo namjua," alisema, "ila sikujua kama anaongea Kiingereza."

Ni kazi nzuri, na siwezi kujifanya siioni hivyo. Lakini kila jina la katuni linapotokea kwenye skrini, namkumbuka mtu aliyekuwa akikata mbao za dari. Sheria haina la kumsaidia hapo. Sheria yetu ya hakimiliki ya 1999 inalinda kazi ya msanii kwa maisha yake na miaka 50 baada ya kifo, na mtindo haulindi kabisa. Piga hesabu: 1972, ongeza 50. Mwaka 2022 ulipoisha, ubao wowote wa Tingatinga mwenyewe ukawa huru kwa yeyote. Baba mdogo, hata hivyo, yuko hai, na sheria hiyo hiyo inampa msanii haki ya kutajwa kwenye kazi yake. Nilikuwa nimeandika aya mbili nzuri kuhusu haki hiyo wiki ileile niliyofuta saini yake.

Nilirudi nyumbani nikafungua faili. Jina lilikuwa kwenye skani ya mwanzo. Kulirudisha ilikuwa kazi ya dakika moja. Nililiweka kwenye tabaka lake la juu kabisa, likatulia hata kila kitu kingine kinaposogea. Halikunikera tena.

Tatizo lingine lilikuwa gumu zaidi. Ukimkata ndege na kumsogeza, mahali alipokuwa panabaki tundu. Kompyuta haijui kilichokuwa nyuma ya bawa. Ilinibidi nijaze matundu hayo kwa mkono, fremu baada ya fremu, na bluu yangu haikuwa bluu yake. Nilimlalamikia. Alinitazama kama mtoto aliyeuliza maji yanatoka wapi.

"Nyuma ya kanga kuna bluu tayari," alisema. "Niliipaka kwanza. Imo humo."

Kweli imo. Ubao wote ulikuwa bluu siku nzima kabla ya kanga kufika. Skani ndiyo isiyoona chini. Akanipakia kipande cha hadibodi kwa kopo lilelile, nikasubiri kikauke mpaka kesho yake, nikakipiga skani, nikakilaza kama tabaka la chini kabisa. Nikafuta viraka vyangu vyote. Kanga alipoinua mguu, chini yake palikuwa na bluu ya baba mdogo.

Wiki mbili zilizopita nilimkuta anachora kitu kigeni. Ni kanga yuleyule, lakini mguu mmoja uko hewani na shingo imelala mbele, nusu ya hatua. Alikuwa amenakili fremu yangu kutoka kwenye simu. Nikamwambia wateja hawatalielewa pozi hilo.

"Wataelewa," alisema. "Anatembea."

Alipomaliza alichukua brashi ndogo, akaandika jina lake kwenye kona ya chini kulia, kisha akanikabidhi brashi na kuniachia nafasi pembeni. Mkono ulinitetemeka, herufi ya kwanza ikavuja kidogo. Ubao bado uko kwake, umeegemezwa ukutani. Alisema nisiuguse mpaka ukauke.