Watoro wa Rabai na Ndoa Zao

Ukitaka kumkera mtu wa kwetu Rabai, mwambie Wazungu ndio waliowapokea watoro, yaani watumwa waliowatoroka mabwana zao. Nimefundisha shule za msingi huku Kilifi hadi nikastaafu, na mtihani ulitaka jibu lile lile kila mwaka: Krapf, Rebmann, misheni ya Kianglikana ya CMS, 1846. Nilitia alama ya vema nikanyamaza. Lakini Krapf na Rebmann walibatiza watu wachache mno, na habari ya watoro ina wenyewe.

Wa kwanza kati ya waliowapokea ni William Jones. Huyu alikuwa Myao, alitekwa utotoni, akaokolewa na Waingereza, akalelewa na misheni kule Nasik, Uhindi, kisha akaletwa Rabai mwaka 1864. Mwingine ni Abe Ngoa, Mgiriama, aliyeanzisha kijiji cha Wakristo huko Fuladoyo. Malindi ya siku hizo ilikuwa imefufuka: mashamba yalifunguliwa upya kuanzia miaka ya 1860, mtama ukapakiwa majahazini kwenda Arabuni, na waliolima ni watumwa. Aliyechoka alitorokea msituni. Fuladoyo ikajaa watoro, na Rabai vilevile.

Wakubwa wa misheni hawakulipenda jambo hili. John Kirk, konseli wa Uingereza kule Unguja, aliwaonya wasiwafiche watumwa wa watu, na mwaka 1880 wenye watumwa wa Mombasa walitishia kuivamia Frere Town, kituo cha misheni karibu na Mombasa. Kiongozi wa Fuladoyo, David Koi, aliuawa mwaka 1883. Kwa hofu hiyo amri ilitoka juu kwamba watoro warudishwe. Kule Rabai amri ilisikika, ila mtoro alipoulizwa kwao ni wapi alijibu kwamba yeye ni Mrabai, na waliomjua hawakumbishia. Mimi naona huo ndio ujasiri wa kanisa letu, uongo wa majirani uliokaa miaka.

Watu husema watoro walikimbia viboko. Walikimbia, ndiyo, lakini tazama ndoa zao. Mtumwa wa pwani hakuoa bila idhini ya bwana wake. Mahari ya mjakazi aliyapokea bwana, na mtoto wa watumwa wawili alikuwa wa bwana wa mama yake. Mume na mke waliofika Rabai usiku walikuwa wanamtafutia mtoto wao, hata ambaye hajazaliwa, mahali pa kuitwa mtoto wa baba yake.

Na kwetu nako posa ina mambo yake. Wazee hutangulia na tembo la mnazi, kisha hunda, yaani mahari, hutolewa, na ukoo hujibu ukoo. Myao au Mnyasa aliyetoka shambani Takaungu wazee angewatoa wapi? Kanisa likawa ukoo wake. Tangazo la ndoa likasomwa Jumapili tatu mbele ya watu, kama la mtu yeyote mwenye kwao.

Mwaka 1888 hesabu ikapigwa. William Salter Price wa CMS alirudi kutoka Uingereza akakuta watoro wengi kuliko alivyodhani. George Mackenzie wa Kampuni ya Uingereza ya Afrika Mashariki akapatana na mabwana: watoro kama 1,400 wa vituo vya misheni, kwa pauni zipatazo 3,500. Hati za uhuru zikatolewa Rabai siku ya mwaka mpya, 1889. Fidia walipewa mabwana. Waliolima mtama walipewa karatasi.

Mwaka ule ule wa 1888, maaskofu wa Kianglikana walikutana Lambeth, London, wakaamua kwamba mwanamume mwenye wake wengi asibatizwe. Wake zake waliweza kubatizwa katika hali fulani. Hapo ndipo babu yangu alipokwama. Bibi zangu wote wawili walibatizwa. Yeye alikaa benchi la nyuma maisha yake yote, akitoa sadaka na kubeba mawe ya ujenzi. Walioshika mlango wakati huo hawakuwa Wazungu tena. Walikuwa wazee wa kanisa, wajukuu wa watoro, watu ambao babu zao waliingia bila cheti chochote, na sasa wakimdai Mrabai cheti cha mke mmoja. Hao ndio siwezi kuwasamehe upesi.

Lambeth ilibadili uamuzi baada ya miaka 100 kamili, mwaka 1988, na Askofu David Gitari wa Kenya alikuwa miongoni mwa walioupigania. Mwenye wake wengi aliruhusiwa kubatizwa nao pamoja na watoto, bila kumfukuza yeyote, mradi waumini wa pale wakubali naye aahidi kutoongeza mke.

Mjomba wangu alikuwa na wake wawili. Alipoulizwa na padri mbele ya watu kama anaahidi hataoa tena, mke mdogo alijibu kabla yake: anaahidi.