Mabonde Mawili Chini ya Maji

Capel Celyn kilikuwa kitongoji cha wafugaji wa kondoo katika bonde la Tryweryn, kaskazini mwa Wales. Kiwelshi ndicho kilichosemwa nyumbani, shuleni na kanisani. Mwaka 1957 Bunge la London liliiruhusu manispaa ya Liverpool kulijaza bonde hilo maji. Hakuna mbunge hata mmoja wa Wales aliyeupigia muswada huo kura ya ndiyo, na bado ulipita. Bwawa lilizinduliwa Oktoba 1965, shule, posta, kanisa na nyumba zikiwa zimeshazama.

Kinachouma zaidi ni makaburi. Wafu wachache walifukuliwa wakazikwa kwingine. Waliobaki waliondolewa mawe yenye majina yao, kisha wakamwagiwa zege.

Miaka hiyohiyo, kusini mwa Afrika, mto Zambezi ulikuwa ukizibwa kwa bwawa huko Kariba. Watonga wapatao 57,000 wa bonde la Gwembe walihamishwa, na Septemba 1958, katika eneo la Chifu Chipepo, polisi waliwapiga risasi waliogoma kuondoka, wakafa wanane. Kwa idadi, Capel Celyn, kitongoji cha watu wasiofika mia, hakiwezi kutajwa pamoja na Gwembe. Kinachofaa kulinganishwa ni jinsi kila upande ulivyoomboleza.

Wales iliandika. Karibu na kijiji cha Llanrhystud, katika miaka ya 1960, mwandishi Meic Stephens alipaka rangi kwenye ukuta wa gofu la nyumba: Kumbukeni Tryweryn. Sehemu ya ukuta huo ilipobomolewa mwaka 2019, watu waliusimamisha tena, na maneno yale yakazagaa kwenye kuta nchi nzima.

Watonga walisimulia. Nyaminyami, mzimu wa mto, ametenganishwa na mkewe na ukuta wa bwawa. Mafuriko ya 1957 na 1958 yaliyovuruga ujenzi yalisemwa kuwa hasira yake, na ipo siku atarudi kudai chake. Leo watalii wanauziwa fimbo zenye sura yake, lakini biashara hiyo haijaizima hadithi. Naiona ina nguvu kuliko maandishi ya ukutani: ya Wales yanadai kumbukumbu ya lililopita, ya Gwembe inadai deni ambalo halijalipwa.

Mwaka 2005 Halmashauri ya Jiji la Liverpool iliomba radhi. Huko Gwembe, vijiji vingi vya waliohamishwa vilikaa gizani kwa miongo kadhaa, huku umeme wa Kariba ukienda kwenye migodi ya shaba.