Utando hai, ukoga na makumbi ya nazi

Ukishuka ngazi za pango la maji la Mangapwani, kaskazini ya Mji Mkongwe wa Unguja, vua viatu. Jiwe la juu ni kavu, linakwaruza wayo. Jiwe lililo karibu na maji lina utelezi. Pitisha ukucha: unatoka na ute. Hao ni bakteria, mamilioni yao, waliojigandisha kwenye jiwe kwa gundi wanayoitengeneza wenyewe. Penye mwanga wamechanganyika na miani midogo.

Kitu hicho tukiite nini? Ukitohoa neno la wazungu unapata bayofilamu, na msomaji wa kwanza atauliza inaonyeshwa sinema gani. Utando ni bora zaidi: tunao wa buibui, tunao wa maziwa yaliyopoa. Lakini utando wa maziwa hauli wala haukui. Basi na uwe utando hai.

Kuna wanaoutegemea kwa kazi. Hewa yenye uvundo kutoka mtambo wa majitaka au kiwanda cha samaki hupulizwa ndani ya kitanda chenye unyevu cha mboji, vipande vya mbao, au makumbi ya nazi. Kitanda hicho tukiite chujio hai. Mmarekani Richard Pomeroy alipata hataza ya kitanda cha udongo cha namna hiyo mwaka 1957. Uvundo huyeyuka kwenye maji ya utando, bakteria wakaula. Ule wa mayai viza, yaani hidrojeni salfaidi, wanaugeuza kuwa asidi ya salfuriki, ndiyo maana kitanda huzidi kuwa kikali na hutakiwa kusuuzwa.

Aliyewahi kupita pwani za Unguja wakati kina mama wanafukua makumbi waliyoyafukia kwa miezi, wayaponde wapate usumba wa kamba, anaijua harufu hiyo bila kuelezwa. Makumbi hayohayo, yakisafishwa, yanaweza kuwa nyumba ya bakteria wanaoila.

Taabu huanza wakishiba. Utando hunenepa, oksijeni haifiki chini, walioko chini hufa, na wasiohitaji oksijeni wakaanza kuutoa upya uvundo uleule tuliokuwa tunaufukuza. Matundu huziba. Hewa hujitafutia kichochoro na kupita bila kusafishwa, feni ikalemewa. Fundi hujua kwa kupima shinikizo la hewa chini na juu ya kitanda: tofauti ikipanda, kimeziba. Hapo hupindua kitanda kwa koleo, hukisuuza kwa maji mengi, hugeuza upande hewa inakoingilia, au hupunguza naitrojeni ili walaji wakonde. Protozoa na utitiri, wanaokula bakteria, humsaidia bila ujira. Klorini asiiguse: akiwaua wote, atangoja wiki kadhaa kabla kitanda hakijafanya kazi tena.

Hapa ndipo utando hai peke yake haunitoshi. Kwa tabaka lililonenepa tunalo neno tayari, tena la kila asubuhi: ukoga, ule wa menoni. Nao ni bakteria waliogandana vilevile. Wapo watakaosema ukoga ni uchafu, na bakteria wa chujio ni wafanyakazi. Kweli, na kwa hiyo nataka yote mawili: utando hai kwa ulio mwembamba unaofanya kazi, ukoga kwa uliopita kiasi. Fundi wa zamu ya usiku ataweza kumwandikia mwenzake daftarini: "Utando hai wa chini umekuwa ukoga, nimesuuza, angalia shinikizo saa kumi na mbili."