Fundi wa kiwandani aliyegeuzwa nyota, kisha akarudishiwa njaa yake

Ukikaa na vijana wanaopiga filamu mitaani, hawachelewi kukuambia: "Sisi hatutaki mastaa, tunachukua watu wa kawaida, ndio wenye uhalisia." Sawa kabisa. Ila jamani, jambo hilo lina historia, na historia hiyo ina deni ambalo hatupendi kulizungumzia.

Twende Italia, mwaka 1948. Vita vimekwisha, Roma imejaa watu wasio na kazi. Vittorio De Sica anataka kutengeneza Ladri di biciclette, yaani Wezi wa Baiskeli. Kisa chenyewe ni chepesi. Antonio anapata kibarua cha kubandika mabango, sharti awe na baiskeli. Siku ya kwanza tu, inaibwa. Yeye na mwanawe Bruno wanazunguka jiji zima kuitafuta.

Mtayarishaji wa Marekani, David O. Selznick, alikuwa radhi kutoa fedha, ila alitaka Antonio aigizwe na Cary Grant. De Sica akakataa. Hebu fikiria Cary Grant na suti zake akililia baiskeli!

Badala yake akamchukua Lamberto Maggiorani, fundi wa kiwanda cha Breda, ambaye hakuwa amewahi kuigiza. Wa kumwigiza mke wa Antonio akawa Lianella Carell, mwandishi wa habari aliyekuwa amekwenda kumhoji De Sica. (Wanahabari wenzangu, mnasikia?) Na Bruno akawa Enzo Staiola, mtoto wa miaka minane. Mkosoaji André Bazin aliandika kwamba De Sica alimchagua mtoto huyo bila kumwambia aigize chochote. Alimtaka atembee tu. Alitaka kuona hatua fupi za mtoto zikihangaika kando ya hatua ndefu za baba.

Hapo ndipo pana somo la kwanza. Kumwandaa mtu asiye mwigizaji huanza katika kumchagua. Humfundishi kuwa fundi, tayari ni fundi. Mikono yake, mabega yake, namna anavyosimama akiwa hana la kufanya, vyote anakuja navyo.

Lakini msidanganyike kwamba De Sica aliwasha kamera akakaa pembeni. Yeye mwenyewe alikuwa nyota wa sinema za Italia miaka ya 1930, kwa hiyo aliwaigizia kwanza, wao wakafuata. Tena kwa desturi ya Italia wakati ule, sauti nyingi ziliingizwa baadaye studio, kwa hiyo mwongozaji aliweza kuelekeza huku kamera inazunguka. Ule "uhalisia" tunaousifu ulipikwa kwa mkono wa mpishi hodari.

Wakati mwingine upishi huo ulikuwa mkali. Kuna kisa kinachosimuliwa mpaka leo kwamba Enzo alipokataa kulia, De Sica alimtilia vipisi vya sigara mfukoni, kisha akamzomea mbele ya watu kuwa ni mwokota vipisi. Mtoto akalia kwa aibu. Kama ndivyo ilivyokuwa, basi machozi yale tunayoyapigia makofi ni ya mtoto aliyedhalilishwa kweli.

Filamu ikatikisa dunia. Mwaka 1950 ikapewa tuzo maalumu ya Oscar, na mwaka 1952 kura ya wakosoaji ya jarida la Sight & Sound ikaitangaza filamu bora kuliko zote.

Na Maggiorani je? De Sica alimtaka aahidi kwamba kazi ikiisha atarudi kiwandani. Alilipwa lira 600,000, akanunua samani mpya, akaipeleka familia yake likizo. Aliporudi Breda, biashara ilikuwa imedorora, watu wanapunguzwa. Wakubwa wakaona apunguzwe yeye, kwa kuwa eti kwenye sinema ameshatajirika. Akaishia kwenye vibarua vya uashi. Akabisha hodi tena kwenye sinema, akaambulia vijisehemu vidogo, kikiwamo kimoja katika Umberto D. ya De Sica huyohuyo na kingine katika Mamma Roma ya Pasolini, mwaka 1962. Alifariki Roma mwaka 1983.

Yaani mtu aliyeigiza kupoteza kazi, akaipoteza kwa sababu aliigiza!

Simlaumu De Sica kwa sanaa yake, filamu ile ni hazina. Ninachosema ni kwamba mtu wa kawaida hakuazimi sura yake tu, anakuazima na maisha yake. Mwigizaji wa kazi ukimaliza naye anakwenda kwenye filamu nyingine. Huyu wa mtaani anarudi mtaani, na mtaani kila mtu anadhani sasa ana hela.

Kwa hiyo, ndugu mwongozaji, kabla hujamwita yule mama muuza vitumbua au yule fundi baiskeli asimame mbele ya kamera yako, jiulize: umemwandaa kwa siku ya kupiga picha tu, au na kwa siku itakayofuata?